Ulimi wa mama na kijiti cha kioo: historia ya kupima utamu wa pombe, na kosa nililolifanya mwenyewe

Leo naiacha kahawa na mbolea ya samadi tuzungumzie mramba wetu, yaani maji matamu ya ndizi kabla hayajawa pombe. Nitakupa historia kwanza, halafu hesabu. Usiiruke historia kukimbilia hesabu, kwa sababu mimi mwenyewe nilianza na hesabu nikawatia watu hasara.

Ilikuwa hapa hapa Nshamba, kwenye kikundi cha akina mama wanaotengeneza rubisi. Nilikwenda na haidromita, kile kijiti cha kioo chenye tumbo chini na namba juu, ambacho huelea ndani ya kimiminika na kukuonyesha kimebeba utamu kiasi gani. Nilikuwa nimekinunua karibuni na nilikuwa na hamu ya kukionyesha. Mramba ulikuwa umeshakamuliwa ndani ya mtumbwi, na akina mama walikuwa wameshamimina maji juu yake. Nikazamisha kikombe hadi chini, nikachota, nikapima. Namba ikasoma juu sana. Nikawaambia, "Mama zangu, bado mna nafasi. Ongezeni dumu jingine la maji, mtapata faida zaidi."

Mama mmoja mzee akachovya kidole, akalamba, akasema taratibu, "Mwanangu, mramba huu umeshakunywa maji ya kutosha." Nikamwonyesha namba. Akanyamaza, kwa heshima ya serikali nadhani. Wakaongeza maji.

Siku ya kuuza, rubisi ilikuwa nyepesi na imeanza kuchachuka. Wateja walionja, wakasogea kwa muuzaji mwingine. Madumu mengine yalimwagwa. Ndizi zile zilikuwa za watu, na fedha ya mtama ilikuwa ya kukopa.

Haidromita haikuwa na ubovu wowote. Mramba ni mzito kuliko maji. Ukimimina maji juu yake bila kukoroga sawasawa, maji hubaki juu na utamu hukaa chini. Mimi nilichota chini. Nilipima sehemu tamu ya mtumbwi nikadhani nimepima mtumbwi mzima. Yule mama alionja juu, na anajua miaka mingi ya mitumbwi. Tungekoroga kwanza, ulimi wake na kijiti changu vingesema jambo moja.

WAZEE WETU WALIPIMAJE

Usidhani kupima ni jambo la wageni. Pombe ya ndizi katika nchi hii ni ya kale. Wazungu Speke na Grant walipofika Karagwe mwezi Novemba mwaka 1861 kwa Mkama Rumanyika, walikuta pombe ni sehemu ya kumkaribisha mgeni. Na huku kwetu Ihangiro, kama katika nchi nyingine za Wahaya, pombe ilikwenda na mahari, na msiba, na kesi iliyosuluhishwa, na sehemu yake ilipelekwa kwa mtawala. Kitu kinachopelekwa kwa Mkama hakitengenezwi kwa kubahatisha.

Walipima kwa hatua. Waliangalia ndizi zimevundikwa siku ngapi na ganda limekuwa na rangi gani. Walijua shimo lililopata moto vizuri na lile lililopoa. Walipokanyaga ndizi kwa nyasi za rweya walitazama povu na jinsi mramba unavyonata kwenye vidole. Halafu wakaonja. Hivyo ni vipimo kamili, ila viko ndani ya mtu mmoja. Mtu huyo akiugua, au akifariki, kipimo kinaondoka naye. Tena ulimi hauwezi kuandikwa kwenye daftari wala kutumwa kwa mnunuzi wa Bukoba mjini. Hapo ndipo namba inapokuwa na kazi.

KIJITI KILITOKA WAPI

Kanuni yake ni ya kale sana: kitu kinachoelea huzama kidogo katika kimiminika kizito na huzama zaidi katika kimiminika chepesi. Mwanzoni mwa karne ya 5, mtu aitwaye Synesius aliandika barua kwa mwalimu wake Hypatia, mwanamke mwenye elimu kubwa wa Alexandria, Misri, akimwomba amtengenezee kifaa cha kupima uzito wa maji. Alikuwa mgonjwa na alikihitaji. Mwaka 1121 mwanachuoni al-Khazini, katika kitabu chake juu ya mizani, akaeleza kifaa cha namna hiyo kwa undani.

Watengeneza pombe hawakukichukua upesi. Kule Uingereza waliotengeneza kinywaji cha asali walielea yai bichi: kama sehemu ya yai iliyojitokeza juu ni ya ukubwa wa sarafu fulani, asali imetosha. Ni haidromita ya mtu maskini. Tatizo lake ni kwamba mayai hayalingani, na yai likikaa siku nyingi huwa jepesi.

Mwishoni mwa miaka ya 1760, kijana aitwaye James Baverstock, wa familia ya watengeneza bia katika mji wa Alton, alinunua haidromita na kuanza kuitumia. Aliitumia kwa siri, kwa sababu baba yake hakutaka kuiona. Alipokwenda London kumwonyesha Samuel Whitbread, mmoja wa matajiri wakubwa wa bia wa wakati ule, alijibiwa arudi nyumbani akaangalie kazi yake na kuacha ndoto. Kiwanda cha Whitbread kilikuwa kinastawi bila kijiti. Baadaye tajiri mwingine wa bia wa London, Henry Thrale, alimsikiliza na kumtia moyo.

Zamani nilipokuwa nikisoma habari hii nilimcheka Whitbread. Baada ya lile dumu la maji hapa Nshamba sikucheka tena. Mtu mwenye kazi inayokwenda vizuri ana haki ya kumwuliza kijana mwenye kifaa kipya: je, unajua kukitumia?

KIMEA CHA BEI RAHISI

Aliyeleta jibu lenye fedha ndani yake alikuwa John Richardson, mtengeneza bia wa mji wa Hull. Mwaka 1784 alichapisha kitabu juu ya kutumia kifaa hiki. Wakati ule bia nyeusi ya London ilitengenezwa kwa kimea cha shayiri kilichounguzwa hadi kuwa kahawia. Kimea hicho kilikuwa na bei ndogo, na kila mtu aliona kinaokoa fedha. Richardson hakuuliza gunia ni shilingi ngapi. Aliuliza: gunia hili linanipa utamu kiasi gani kwa kila shilingi?

Kipimo kikaonyesha kwamba kimea cheupe, ingawa ni cha bei kubwa, kilitoa utamu mwingi zaidi, hata ukilinganisha na bei yake. Kile cha bei rahisi ndicho kilichokuwa ghali. Watengeneza bia wakaanza kuhamia kimea cheupe. Lakini bia ikakosa rangi yake, na wapo waliotumia sukari iliyoungua na vitu vingine visivyofaa ili mteja asigundue. Ilikuwa hadi mwaka 1817 ndipo Daniel Wheeler alipopata hataza ya njia ya kukaanga kimea kikawa cheusi kabisa, kidogo tu kikatosha kuipa bia nzima rangi.

Zingatia hapo, ndugu msomaji. Kipimo kile kile kilichomsaidia mtengenezaji kujua gharama yake kiliwapa wengine njia ya kumpunja mteja. Kifaa hakina dini. Anayekishika ndiye mwenye nayo.

Baadaye vipimo vikawekewa mizani inayolingana. Mwaka 1843 Karl Balling wa Prague alipanga mizani inayosema kimiminika kina asilimia ngapi ya sukari kwa uzito. Adolf Brix aliirekebisha katika miaka ya 1850, na Fritz Plato na wenzake wakaisahihisha tena kuelekea mwaka 1900. Ndiyo maana leo utakuta chupa ya juisi inapimwa kwa Brix na tangi la bia linapimwa kwa Plato. Ni ndugu wa familia moja. Serikali nazo zikaona faida: mwaka 1880 Uingereza iliacha kutoza ushuru wa kimea ikaanza kutoza bia kwa uzito wa maji yake matamu kabla hayajachacha. Kijiti kikawa shahidi wa mtoza ushuru.

KWA NINI NAMBA HUSHUKA

Maji safi husoma 1.000. Mramba ukisoma 1.060, maana yake ni mzito kuliko maji kwa sehemu 60 katika elfu. Sisi tutaziita pointi 60. Sehemu kubwa ya uzito huo ni sukari.

Ukitia unga wa mtama uliokaangwa, hamira zilizomo humo na kwenye mtumbwi wenyewe huanza kula sukari. Louis Pasteur wa Ufaransa alionyesha katika miaka ya 1850 kwamba kuchacha ni kazi ya viumbe hai. Sukari hugeuka kilevi na hewa, ile inayotoa mapovu. Sukari nzito inaondoka, kilevi ambacho ni chepesi kuliko maji kinaingia, na kijiti kinazama zaidi. Kwa hiyo namba ya mwanzo na namba ya baadaye, ukizitoa, zinakuambia kazi iliyofanyika.

KWA NINI JAMBO HILI NI LETU SASA

Wengi mnaukumbuka mwaka 2006, mnyauko wa bakteria ulipoingia Kagera, na wilaya yetu ya Muleba ikawa miongoni mwa mahali pa kwanza kuonekana. Ndizi za pombe ziliumia sana, kwa sababu wadudu hubeba ugonjwa kupitia ua dume. Mkungu ulioshikwa huiva kabla ya wakati, ndani ukiwa na rangi ya kutu, na mramba haupatikani. Waliokuwa na mikungu ya kumwaga wakaanza kuihesabu.

Wakati mikungu ni mingi, dumu moja la maji la ziada au pungufu halikuwa kitu. Wakati mikungu ni ya kununua, dumu hilo ndilo ada ya mtoto. Endelea kukata ua dume kwa kijiti chenye panda mara kichana cha mwisho kinapotokeza, na choma panga lako kwenye moto au lisafishe kwa dawa ya madoa kabla ya kwenda shina jingine. Hilo ni la shambani. Lifuatalo ni la kwenye mtumbwi.

NAMNA YA KUPIMA BILA KUJIDANGANYA

1. Kipime kipimo kwanza. Kielee katika maji safi yenye nyuzi 20. Kikisoma 1.000, sawa. Kikisoma 1.002, kila siku utatoa pointi 2. Andika kosa hilo kwenye jalada la daftari.

2. Koroga. Koroga mtumbwi mzima kutoka chini hadi juu, mwisho hadi mwisho, hasa baada ya kuongeza maji. Chota sehemu tatu: kichwani, katikati na mkiani. Changanya. Hili ndilo kosa langu, usilirudie.

3. Pima kabla ya kutia mtama. Unga na makapi huzuia kijiti kuelea kwa uhuru. Chuja sampuli kwa kitambaa safi, iache itulie hadi povu lishuke.

4. Angalia joto. Vipimo vingi vya sasa vimewekwa kwa nyuzi 20, lakini vingine ni vya nyuzi 15.5. Soma kwenye karatasi ya ndani ya kijiti. Mramba wa moto ni mwepesi, hivyo husoma chini ya ukweli. Kwa kijiti cha nyuzi 20, mramba wenye nyuzi 30 uongezee pointi 2 hivi. Wenye nyuzi 40 uongezee kati ya 5 na 6. Bora zaidi, uache upoe. Asubuhi yetu ya Nshamba inatosha.

5. Tumia chombo kirefu. Chupa ya maji ya lita moja na nusu iliyokatwa shingo inafaa. Kijiti kisiguse chini wala pembeni.

6. Kizungushe kidogo kwa vidole kabla ya kusoma. Mapovu yakigandia tumboni hukinyanyua, na utadhani mramba ni mtamu kuliko ulivyo.

7. Inama macho yalingane na usawa wa mramba. Pembeni kimiminika hupanda kidogo kwenye kioo. Soma usawa wa katikati ulio chini, usisome ule uliopanda.

8. Andika: tarehe, aina ya ndizi, siku za kuvundika, lita, joto, namba. Namba isiyoandikwa ni sawa na ulimi wa aliyefariki.

Rubisi iliyoanza kuchacha, imimine mara kadhaa kutoka kikombe hadi kikombe ili hewa itoke, ndipo upime. Wapo wanaotumia kile kifaa cha kutazama kwa jicho kwa tone moja, rifraktomita. Ni kizuri kwa mramba mbichi, lakini kilevi kikishaingia kinadanganya.

HESABU TATU ZA DAFTARI

Ya kwanza ni ya maji. Zidisha lita kwa pointi. Tuseme una lita 20 za mramba wa pointi 80: 20 mara 80 ni 1,600. Unataka rubisi ya pointi 50: 1,600 gawa kwa 50 ni lita 32. Basi ongeza lita 12 za maji, na yawe yamechemshwa na kupoa. Ukiongeza 20 kwa mazoea, utakuwa na lita 40 za pointi 40, na mteja atajua.

Ya pili ni ya bei. Madumu mawili ya mramba yote ni lita 20. Moja lina pointi 80, jingine 60. Kama la kwanza linastahili shilingi 8,000, la pili linastahili 6,000. Ukiyanunua kwa bei moja, umenunua maji. Vivyo hivyo kwa mikungu: pima mramba uliotoka, zidisha lita kwa pointi, gawa kwa bei uliyolipa. Hilo ndilo swali la Richardson. Huenda mkungu wa bei kubwa ukawa ndio rahisi, na huenda siku mbili zaidi za kuvundika zikakupa kuliko mkungu wa ziada, kwa sababu wanga wa ndizi hugeuka sukari inapoiva.

Ya tatu ni ya nguvu. Toa pointi za mwisho kutoka za mwanzo, zidisha kwa 0.13. Kutoka 60 hadi 12 ni 48, mara 0.13 ni kama asilimia 6 ya kilevi. Ichukue kama makadirio, kwa sababu si kila kilichomo kwenye mramba ni sukari. Namba ikibaki pale pale siku mbili mfululizo, kuchacha kumekwisha. Kama bado inashuka, usifunge chupa kwa nguvu. Itapasuka, na kioo hakichagui jicho la nani.

Nionye pia juu ya mawili. Kijiti hiki hakiwezi kukuambia kama kinywaji ni salama, na wala si kibali cha kutengeneza gongo. Na anayeuza pombe ya kienyeji awe na leseni.

NILICHORUDISHA

Nilirudi kwa kile kikundi. Niliwaeleza kosa langu mbele ya wote, nikachangia mtama wa mtumbwi uliofuata kutoka mfukoni mwangu. Safari hii tulikoroga. Nikamwomba yule mama mzee aonje kwanza na kusema kama maji yametosha, kabla sijapima. Akasema bado kidogo. Nikapima, tukaongeza lita chache, tukapima tena, akaonja tena, akatikisa kichwa kukubali. Tukaandika namba ile.

Sasa binti yake ndiye anayeshika daftari. Ukurasa wa kwanza una mstari mmoja wa wino wa bluu: tarehe, lita, pointi, na pembeni neno "Mama amekubali". Ukitaka kuanza daftari lako, anza hivyo hivyo. Mwite anayejua kuonja, koroga, pima, andika vyote viwili. Vikitofautiana, usiongeze maji kwanza. Tafuta nani kakosea, na uanze na wewe mwenye kijiti.

Ukikwama, fika ofisini kata ya Nshamba siku za kazi, au nisimamishe gulioni. Njoo na sampuli iliyokorogwa.